Namba ya Wakenya Wote na Daftari la Mweka Hazina



Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 Wakenya tulihesabiwa, na jumla ikatoka 47,564,296. Wengi tuliisikia redioni ikapita. Hebu tuirudie, maana iko na kazi hata kwa chama cha watu ishirini.

Inaishia na 6, kwa hivyo inagawanyika kwa mbili. Ukiikata nusu mara tatu unafika 5,945,537, na hapo nusu zimekwisha. Tungetaka kila kaunti kati ya zile 47 ipate watu sawa, ingepata 1,012,006, na watu 14 wangebaki barabarani. (Hiyo ni ya karatasi tu. Sisi wa Nairobi peke yetu tulikuwa 4,397,073.)

Lakini utamu uko kwa tisa. Gawia watu tisa shilingi 10, inabaki 1. Wagawie 100, inabaki 1. Hata 1,000, inabaki 1 vile vile. Kwa sababu hiyo, ukitaka kujua kitakachobaki ukigawa namba yoyote kwa tisa, jumlisha tarakimu zake tu. 4+7+5+6+4+2+9+6 ni 43, na 4+3 ni 7. Wakenya wakiketi tisa tisa, saba watakosa kikundi.

Sasa tukague. Wanaume walikuwa 23,548,056: tarakimu zinaleta 33, yaani 6. Wanawake 24,014,716: 25, yaani 7. Huntha, ambao walihesabiwa kivyao kwa mara ya kwanza mwaka huo, 1,524: 12, yaani 3. 6+7+3 ni 16, yaani 7. Inalingana na ile 7 ya jumla. Mweka hazina anaweza kukagua ukurasa mzima hivyo kwa dakika mbili, bila kikokotoo. Zisipolingana, kosa liko hakika. Zikilingana, bado kosa laweza kujificha, na la kawaida ni kugeuza tarakimu. Mama ameleta 540, imeandikwa 450. Tarakimu ni zile zile, kwa hivyo ukaguzi wa tisa hauoni kitu.

Hapo ndipo vikundi huvunjika. Pesa mkononi na daftari zinatofautiana kwa 90, mtu anaitwa mwizi mbele ya wote. Ngojeni kwanza! Gawanyeni ile tofauti kwa tisa. Tarakimu zikigeuzwa, tofauti hugawanyika kwa tisa bila baki, kila mara. Sifuri ikiongezwa pia: 50 ikiandikwa 500, tofauti ni 450. Haithibitishi kwamba hakuna aliyechukua, lakini inawaonyesha pa kuanzia kutafuta.

Isipogawanyika kwa tisa, ikateni nusu. Tofauti ikiwa 260, tafuteni 130 iliyotoka ikaandikwa upande wa zilizoingia. Nayo isipoonekana, itisheni risiti zote na mzisome moja moja, mweka hazina akiwapo.