Shilingi Inaposhuka, Nani Analipa? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi bei ya dola inavyopatikana. Leo tuifuate bei hiyo hadi dukani, kwa mfano wa Kenya.

Mwishoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 123. Januari 2024 ilivuka 160. Mwagizaji wa matairi ya dola 1,000, aliyekuwa akitoa shilingi 123,000, alihitaji 160,000 ingawa muuzaji wa ng'ambo hakuongeza hata senti. Kuna na jambo wengi hawalitazami: ushuru wa forodha hutozwa kwa asilimia ya thamani iliyokwisha kugeuzwa kuwa shilingi. Asilimia ikibaki ileile, fedha inayolipwa bandarini hupanda pamoja na dola, kisha VAT huhesabiwa juu ya jumla hiyo. Mzigo wote humwishia mnunuzi.

Septemba 2023 lita ya petroli jijini Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza. Si haki kuilaumu dola peke yake: bei ya dunia ilikuwa imepanda, na Julai VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Lakini mafuta yakipanda, nauli na unga hufuata, na anayeumia ni hata yule ambaye hajawahi kuishika dola.

Mkulima wa chai yuko upande mwingine, kwani mnada wa Mombasa huuza kwa dola. Kilo ya dola 2 iliyoleta shilingi 246 ilileta 320. Faida hiyo haikuwa yake yote. Mbolea nayo hutoka nje.

Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa hatifungani mpya, ikanunua sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni. Hofu kwamba ingeshindwa kulipa ilipungua, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 130. Kilo ileile ya chai ikarudi kwenye shilingi 260 hivi.

Madukani bei hazina haraka hiyo ya kushuka. Mwenye duka huwa angali na mzigo alioununua kwa dola ghali, na hiyo ni sababu halali. Mzigo huo ukiisha na bei ikabaki juu, tofauti yote ni faida yake, na hapo ndipo wasimamizi wa ushindani wa biashara wanapaswa kuuliza maswali kwa sauti kubwa kuliko wanavyofanya sasa.

Juma lijalo: deni la nje linavyokua bila kukopa upya.