KANSA YA DAMU: ASKARI WA MWILI ANAPOASI



Mwezi huu tunajibu swali ambalo akina mama kadhaa wametuuliza: "Mtoto hana UKIMWI, alikuwa anakula vizuri, sasa kinga yake imeshindwaje mpaka akapata kansa ya damu?"

Wengi wetu tulifundishwa kwamba virusi vya UKIMWI vinaua askari wa mwili. Kansa ya damu, yaani lukemia, ina njia nyingine. Hapa askari mwenyewe ndiye anaasi.

Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Humo zinatoka chembe nyekundu, chembe za kugandisha damu, na chembe nyeupe ambazo ndizo askari. Chembe nyeupe moja changa ikiharibika, inazaana ovyo na haikomai. Kwa kawaida askari wazuri huziua chembe mbovu. Kwa nini hizi zinawashinda?

1. Zinafanana nao. Zimevaa sare ileile na zinaficha alama za kuzitambulisha.

2. Askari wanachoka. Wakipigana siku nyingi bila kupumzika, nguvu zinawaishia. Wapo, lakini hawapigi tena.

3. Wanakosa nafasi. Chembe mbovu zinajaa kwenye uboho, askari wapya hawazaliwi. Ndiyo maana mtoto anapatwa na homa za mara kwa mara, anapauka, anatoka damu puani au kwenye fizi, anapata madoa ya damu iliyovilia, mifupa inamuuma, tezi zinavimba.

Hapo hakuna kurogwa, wala ugonjwa huu hauambukizi. Mtoto acheze na kula na wenzake.

Shida ni kwamba hapa Nakivale malaria ni nyingi, na homa hizi zinafanana. Mtoto akimaliza dawa ya malaria na homa ikarudi tena na tena, au ukiona dalili tulizotaja, usinunue dawa nyingine dukani. Rudi kituo cha afya, useme wazi: "Naomba apimwe damu, wahesabu chembe zote."

Akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambako kuna kitengo cha kansa, nendeni haraka na karatasi zote za vipimo. Wengine hutumwa Kampala, kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967 pale Mulago.

Matibabu ni marefu, kwa kawaida miaka miwili au zaidi. Mtoto akipata nafuu msiache dawa, maana chembe chache zilizojificha zinaweza kurudisha ugonjwa. Tena dawa zenyewe hupunguza askari: akipata homa wakati wa matibabu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Katika nchi tajiri, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye aina ya lukemia inayowapata watoto wengi zaidi wanapona. Kwetu wengi wanachelewa kufika, na wengine wanaacha katikati. Majirani, mama akienda Mbarara na mgonjwa, tumsaidie kulea watoto waliobaki nyumbani, ili asilazimike kurudi kabla ya dawa kwisha.