Mashine ya upepo na jiwe la kunolea: tazama haya kabla ya kutoa pesa

Juzi baada ya magharibi alinijia mtoto wa kaka yangu, simu mkononi. Ni seremala, anatengeneza milango na vitanda, na sasa anataka kuacha kazi ya kuajiriwa afungue karakana yake uani kwao. Alinionyesha picha ya mashine ya upepo yenye tenki la lita 50 na stika kubwa nyekundu iliyoandikwa 3 HP. Pembeni yake palikuwa na mashine ndogo ya kunolea, ile ya mezani yenye mawe mawili.

"Ami, hizi si zanitosha? Muuzaji anataka rubuni kesho asubuhi."

Nilimwambia rubuni isubiri. Pesa zile ni akiba yake ya miezi minane, na mimi mwenyewe niliwahi kununua mashine ya upepo kwa kutazama ukubwa wa tenki tu. Tenki lile liliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Niliyomweleza jioni ile ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Tenki si nguvu

Tenki la mashine ya upepo ni kama tangi la maji juu ya paa. Hata likiwa kubwa namna gani, pampu ikiwa dhaifu na mifereji yote ikafunguliwa, litakauka. Kinachofanya kazi ni kiasi cha upepo ambacho pampu inatoa kila dakika. Kwenye kibandiko huandikwa kwa lita kwa dakika, au kwa herufi CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika. Futi moja ya ujazo ni kama lita 28.

Hapo pana mtego. Mara nyingi kibandiko hutaja upepo ambao pampu inavuta, si ule unaotoka kwenye mpira. Unaotoka huwa pungufu kwa theluthi moja au zaidi. Muulize muuzaji: "Inatoa lita ngapi kwa baa 6?" Asipojua, pigia hesabu ile ndogo.

Kisha linganisha na kazi yako. Kujaza tairi za boda boda na za gari, au kupigilia misumari kwa bunduki ya upepo, mashine ya lita 24 inatosha. Bunduki ndogo ya kupulizia vanishi hutaka lita 110 hadi 170 kwa dakika. Bunduki kubwa za kupaka rangi gari hutaka lita 220 na kuendelea. Msasa wa upepo ndio mlafi kuliko wote, kwa sababu hauachi kuvuta. Kwa karakana ya nyumbani, nunua msasa wa umeme na uache ule wa upepo.

Jambo jingine ni mapumziko. Mashine nyingi hizi ndogo zimeundwa kufanya kazi karibu nusu ya muda na kupoa nusu nyingine. Ukiona pampu hainyamazi tangu asubuhi, umeipa kazi iliyoishinda, nayo haitafika mbali.

Kuna zinazotumia oili na zisizotumia. Zisizotumia ni nyepesi, lakini zina kelele za kugombanisha majirani, na kwa kawaida huchakaa mapema. Ya oili hudumu zaidi ukitazama kidirisha cha oili kila wiki na kutia oili yake maalumu badala ya ile ya injini ya gari.

Pima stika kwa hesabu

HP moja ni wati 746. HP 3 basi ni zaidi ya wati 2,200, na mota hula zaidi ya hizo kwa sababu nyingine hupotea kuwa joto. Tafuta kibati cha mota, chukua volti uzidishe kwa ampia. Kama kimeandikwa volti 240 na ampia 5, hiyo ni wati 1,200. Mota ya namna hiyo haiwezi kutoa HP 3 hata kwa dua. Ile ya kwenye picha ya kijana wetu ilikuwa hivyo hivyo.

Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishatulia. Ukiiunganisha kwa waya mrefu na mwembamba wa ekstensheni, itanguruma bila kuzunguka, ipate moto na iungue. Kwenye mitaa ambayo stima hushuka jioni, hatari ni kubwa zaidi. Weka mashine karibu na soketi, kisha urefushe mpira wa upepo badala ya waya.

Na wale tulio na jamaa Ghuba, tuwe waangalifu na zawadi. Oman na Dubai umeme wao ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na wetu. Saudia ni 60. Mota iliyoundwa kwa 60 pekee ikiwekwa kwenye stima yetu huzunguka polepole kwa sehemu moja kati ya sita, na hupata moto kuliko kawaida. Kibati kikiandikwa 50/60 Hz, haina neno.

Maji ndani ya tenki

Hili ndilo lililonigharimu. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Ukiikandamiza, maji hujitenga na kutuama chini ya tenki. Siku ya joto na unyevu wa kawaida kwetu, mashine inayotoa lita 100 kwa dakika ikifanya kazi saa moja mfululizo hukusanya kama nusu glasi ya maji. Ndiyo maana chini ya kila tenki kuna koki. Ifungue kila unapomaliza kazi, upepo ukiwa umebaki kidogo, mpaka maji yote yatoke.

Mimi sikuifungua kwa miaka miwili. Alasiri moja nikasikia tenki likipiga mluzi na kuona tone la rangi ya kutu sakafuni. Jirani mchomeleaji akaniambia nimpe dakika kumi azibe kitundu. Nusura nikubali. Mzee mmoja fundi akatuzuia, tukatoa upepo wote, akagonga chini ya tenki kwa bisibisi. Ikaingia ndani kama inayotoboa gamba la nazi bichi. Chuma chote cha chini kilikuwa kimeliwa. Kama tungeziba kitundu kile kimoja na kujaza tena upepo, tenki lingepasuka uani wanakocheza watoto. Tenki lililotoboka kwa kutu halichomelewi. Hutupwa.

Kwa hiyo ukinunua ya mtumba, fungua koki kwanza. Yakitoka maji mekundu mengi, rudi nyumbani. Vuta pete ya vali ya usalama uone kama inaachia upepo, na utazame kama mshale wa geji unarudi sifuri. Na usimruhusu mtu yeyote kujipuliza vumbi mwilini kwa mpira ule, wala watoto kulengana. Upepo ule unaweza kupasua jicho au kupenya kwenye ngozi.

Jiwe la kunolea

Kwa patasi, visu vya randa, tezo na keekee za seremala, mashine ya jiwe la inchi 6 inatosha. Ya inchi 8 ina nguvu zaidi na inafaa kwa anayefanya kazi ya chuma. Zote huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika kwa stima yetu. Ukingo wa jiwe la inchi 6 basi huenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, na la inchi 8 hupita 100. Kipande kikikatika, hiyo ndiyo kasi kitakayokujia nayo usoni.

Kabla ya kufunga jiwe jipya, lining'inize kwa kidole na uligonge polepole kwa mpini wa mbao. Zima hulia kama kengele. Likitoa sauti butu, lina ufa, livunje ulitupe. Hakikisha kasi iliyoandikwa kwenye jiwe haipungui ile ya mashine. Kishikio cha kuegemezea chuma kiwe karibu na jiwe, pengo lisizidi milimita 3. Nati ya upande wa kushoto hufunguliwa kinyume na ulivyozoea, usije ukaivunja kwa kuilazimisha. Ukiiwasha, simama kando kwa dakika nzima kabla ya kuanza kazi.

Jiwe la kijivu ni la chuma, si la alumini, shaba wala mbao. Hizo huliziba na kulipa moto. Noa kidogo, chovya kwenye maji, noa tena. Ukingo wa patasi ukigeuka samawati, umepoteza ugumu wake na hautashika makali.

Vaa miwani ya kazi, hata kwa dakika moja. Usivae glavu, na usinoe ukiwa na kikoi kinachopepea au mikono mirefu ya kanzu. Jiwe likishika nguo, humvuta mwenye nguo.

Kijana wetu hakutuma rubuni. Amenunua kwanza mashine ya kunolea na miwani miwili, mmoja wake na mmoja wa mdogo wake anayemsaidia. Mashine ya upepo ataitafuta polepole, na safari hii atakwenda dukani kusoma kibati mwenyewe badala ya kutazama picha.