Foleni Isiyoonekana Chini ya Mlima Kenya

Siku ya soko Karatina, steji ya matatu hujaa pomoni. Gari lililokwisha kupakia linataka kutoka, lakini langoni kuna jingine linalosubiri nafasi ya kuingia. La nje haliingii mpaka la ndani litoke, na la ndani halitoki mpaka la nje lirudi nyuma. Injini zote ni nzima, ila hakuna gari linalosogea.

Programu za mtandao nazo hukwama vivyo hivyo. Data husafiri ikiwa imekatwakatwa kuwa pakiti, na pakiti zinazosubiri zamu huwekwa kwenye bafa, sehemu ya kumbukumbu inayofanya kazi kama tangi la maji. Chukulia bafa zote za kifaa zimejaa pakiti zilizoingia. Ili kuzimaliza, programu yapaswa kutuma jibu, na jibu lenyewe linahitaji bafa. Kifaa huganda taa zikiwaka. Tiba yake ni kutenga bafa chache ziwe za kutokea tu.

Kuna pia mkwamo wa makufuli, yaani alama zinazoruhusu kazi moja tu kugusa kitu kwa wakati mmoja: kazi moja imeshika kufuli la foleni ikisubiri la kadi ya mtandao, nyingine imeshika la kadi ikisubiri la foleni. Mwaka 1971 Edward Coffman na wenzake walieleza masharti manne ambayo lazima yakutane ndipo mkwamo utokee, kwa hiyo kuvunja moja kunatosha. Kwa kawaida waandishi wa programu hukubaliana kwamba kila kazi ichukue makufuli kwa mpangilio uleule. Tangu 2006 kiini cha mfumo endeshi wa Linux kina kikaguzi kiitwacho lockdep, kazi ya Ingo Molnár, kinachofuatilia mpangilio huo na kuonya hata kabla mkwamo haujatokea. Kwangu hiki ni miongoni mwa vifaa vyenye manufaa makubwa zaidi katika fani hii, maana kosa la aina hii laweza kujificha miezi mingi.

Lakini kero inayowagusa wengi ni tangi lililozidi ukubwa, yaani bafa kubwa mno. Mwaka 2013 Shule ya Sekondari ya Gakawa, karibu na Nanyuki, iliunganishwa na intaneti kupitia masafa ya televisheni yasiyotumika, katika mradi wa Mawingu ulioungwa mkono na Microsoft. Kiungo cha kijijini kama hicho hutumiwa na watu wengi. Kikiwa cha megabiti 2 kwa sekunde, na ruta ina bafa ya megabaiti 1, bafa ikijaa, pakiti ya mwisho kuingia itasubiri sekunde 4. Mtumaji hapunguzi mwendo, kwa sababu ishara aliyoizoea ni pakiti kupotea, na hapa hazipotei mpaka bafa ijae, zinarundikana tu.

Mtaalamu wa programu Jim Gettys alianza kulipigia kelele tatizo hili mwishoni mwa 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaleta CoDel, mbinu ya kusimamia foleni ya pakiti. Haipimi urefu wa foleni. Hupima muda ambao pakiti imengoja. Kungoja kukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa milisekunde 100, huangusha pakiti moja makusudi, na mtumaji hupunguza kasi. Linux iliipokea mwaka huohuo.

Nasikitika tunapokimbilia kununua kasi zaidi kabla ya kuikagua ruta. Pima hivi: endesha ping, amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kisha pakia video kubwa. Namba zikiruka kutoka makumi ya milisekunde hadi maelfu, foleni iko ndani ya kisanduku chako.