Moyo Hauzinduliwi Kama Kwenye Televisheni

Sisi wauguzi tukitazama michezo ya hospitali kwenye televisheni, kuna vijambo vidogo vinavyotuudhi.

Mgonjwa amezimika. Kwenye mashine mstari umenyooka. Daktari anamshtua kwa umeme, naye anafumbua macho na kumwita mkewe. Sivyo! Umeme hutumika pale mapigo yanapovurugika. Moyo uliosimama kabisa haushtuliwi. Kifua hukandamizwa na dawa hutolewa.

Tazama pia mikono ya mwigizaji. Viwiko vimepinda, anabonyeza polepole kana kwamba anakanda chapati. Bila shaka hawezi kumbonyeza sawasawa mwenzake aliye mzima, atamuumiza. Lakini watoto wetu hujifunza hapo. Mikono inyooke, kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walichapisha hesabu waliyofanya katika vipindi vitatu, vikiwemo ER na Chicago Hope. Robo tatu ya waliokandamizwa kifua walizinduka. Katika hospitali za kweli wengi hufariki.

Ndiyo sababu ndugu hutuuliza, "Mbona hamkumshtua kwa umeme?" Wengine hurudi nyumbani wakiamini mgonjwa wao alipuuzwa, na msiba unakuwa mzito maradufu.

Basi tutazame pamoja na watoto, tukiwaeleza lipi ni mchezo. Na mtu akianguka asipumue, iteni msaada, mbonyezeni kifua kwa nguvu, wala msiache mpaka msaada ufike.