Kompyuta Ndogo Nyumbani: Anza na Taa Moja, Uache Umeme wa Ukutani



Ukurasa huu umezoea kuwaeleza juu ya kofia, viatu vya kazi, maji safi na malaria. Leo tunaeleza juu ya kompyuta ndogo ya kadi moja, na namna ya kuanza kuiandikia programu. Kwa nini jambo hili liingie katika ukurasa wa usalama na afya? Kwanza, chombo cha umeme kinafundisha, lakini kikichezewa vibaya kinaua. Pili, kazi ndogo ambayo mtoto anajifunza kwa chombo hiki inaweza kusaidia kulinda chanjo.

NI KITU GANI?

Ni kibao cha milimeta 85 kwa 56, karibu sawa na kitambulisho chako cha kazi. Ubongo, kumbukumbu na matundu ya nyaya, vyote viko juu ya kibao hicho. Inayojulikana sana inaitwa Raspberry Pi. Ilianza kuuzwa huko Uingereza mwezi wa Februari 2012, na shabaha yake ilikuwa vijana wajifunze programu kwa bei ndogo. Huko Karatu, Tanzania ya kaskazini, shule za sekondari zimefundishia kwa kompyuta hizo zikitumia nguvu ya jua.

Programu ni orodha ya amri zinazofuatana, kama vile msimamizi anavyopanga kazi kabla ya zamu. Kompyuta haifikiri kwa niaba yako. Inafanya ulichoandika, hata kama umekosea.

VITU VYA KUTAFUTA

1. Kibao chenyewe na chaja yake ya volti 5.
2. Kadi ndogo ya kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi.
3. Kibao cha herufi, kipanya, na televizioni yenye tundu la HDMI pamoja na waya wake.
4. Taa ndogo ya LED, rezistansi ya ohmu 330 na nyaya chache.

Kadi ya kumbukumbu hutayarishwa kwa kompyuta nyingine yenye intaneti. Ikiwa tayari, mazoezi tunayoyaeleza hapa hayahitaji intaneti tena. Hilo ni jambo jema kwa nyumba nyingi za Kisangani.

SHERIA ZA USALAMA

Umeme wa ukutani una volti 220. Huo unaua mtu. Miguu ya kuamrisha ya kibao hiki hutumia volti 3.3 tu. Kwa hiyo usiunganishe miguu hiyo na waya wa ukutani, wala ampuli ya nyumba, wala frigo. Hata volti 5 zikiingia katika mguu wa kuamrisha zinaweza kuunguza kibao.

Funga nyaya wakati chaja imetolewa. Weka kibao juu ya meza ya mbao, si juu ya bati. Mikono iwe mikavu, kwa maana hapa karibu na ikweta jasho na unyevu havikosi.

TAA YA KWANZA

Mguu mrefu wa taa uunganishe na rezistansi, kisha na mguu namba 11 wa kibao, ambao programu inauita 17. Mguu mfupi uende kwenye namba 6. Usikisie namba. Baada ya kuwasha, fungua dirisha la Terminal na uandike neno pinout: utaona mchoro wa miguu yote. Ukikuta umekosea, zima kabla ya kugusa waya.

Kisha fungua Thonny, uandike hivi kwa lugha ya Python:

from gpiozero import LED
from time import sleep
taa = LED(17)
while True:
    taa.on()
    sleep(1)
    taa.off()
    sleep(1)

Mistari miwili ya kwanza inaita vyombo vya kazi. Wa tatu unasema taa iko wapi. Wa nne unasema: rudia bila kuacha. Minne ya mwisho, iliyosogezwa ndani kwa nafasi nne, ndiyo inayorudiwa: washa, ngoja sekunde moja, zima, ngoja tena. Bonyeza kitufe cha kijani. Kama maneno mekundu yanatokea, usikate tamaa. Soma namba ya mstari yanaoutaja, utazame nukta mbili na herufi kubwa.

KUTOKA TAA HADI CHANJO

Chanjo nyingi lazima zikae kati ya digrii 2 na 8. Joto likizidi, nguvu yake inapungua. Zikiganda, chanjo kama ya pepopunda na ya homa ya ini ya B zinaharibika, na si kila mara jicho linaona tofauti.

Kipimajoto kidogo kiitwacho DS18B20 kinaweza kufungwa kwenye kibao hiki kwa nyaya tatu na rezistansi ya ohmu 4700. Programu yake inafuata mwendo uleule wa taa: soma joto, liandike, ngoja dakika 10, rudia. Asubuhi muuguzi anaweza kuona yaliyopita usiku katika frigo.

Lakini angalieni mambo mawili. Umeme ukikatika, kibao nacho kinazimika, isipokuwa kina betri. Na kwa aina nyingi, umeme ukirudi bila intaneti, saa yake inakuwa ya uongo. Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi haichukui nafasi ya kipimajoto na daftari la dispanseri. Inavisaidia tu.

KUMBUKA

Usichomoe chaja ghafla. Zima kwanza kwa Shutdown, ngoja taa ya kijani ya kibao iache kumetameta, kwa maana kadi inaweza kuharibika na kazi yote ikapotea.

Mzazi, hata kama hujui programu, unajua usalama wa kazi. Kaa karibu na mtoto siku ya kwanza, ukague nyaya pamoja naye kabla ya kuwasha. Haraka haraka haina baraka.