MGENI WA MWENYEZI MUNGU: UKARIMU WA VIJIJI VYA IRINGA NA MBEYA NA ADABU ZA MSAFIRI WA KIISLAMU



Ndugu wanafunzi, kila inapofika likizo wengi wetu hufunga safari. Wapo wanaoteremka Makambako na kuingia ndani mpaka Makete, wapo wanaokwenda Tukuyu na Kyela, na wapo wanaofuatana na masheikh katika safari za daawa kwenye vijiji vya Kilolo, Mufindi na Mbarali. Huko ndani hakuna hoteli wala gesti. Msikiti pengine uko mwendo wa nusu siku. Wenyeji walio wengi ni Wakristo, na ndio watakaotukaribisha. Ndipo linapokuja swali ambalo huulizwa darasani kila mwaka: mtu asiyekuwa Muislamu akinikaribisha kwake, nilale? Nile? Nikikataa nitamuudhi, na nikikubali kila kitu nitaharibu dini yangu.

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu wapo wanaokosea pande zote mbili. Wapo wanaokataa hata maji ya kunywa, wakamwacha mwenyeji akijiona najisi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na wapo wanaokula chochote kilichowekwa mbele yao kwa kuona haya. Tuanze kwa kueleza ukarimu wenyewe ulivyo, ndipo tuje kwenye chakula.

Msafiri wa Kiislamu aliyekaribishwa katika nchi nyingi kuliko karibu wote wa zama zake ni Ibn Battuta wa Tangier, Morocco. Katika mwambao wetu alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Anaeleza kwamba Mogadishu, meli ilipotia nanga, vijana wa mji waliifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake.

Lakini alipofika nchi ya Waturuki, katika miaka hiyo hiyo ya 1330, aliona jambo ambalo anasema hajaona mfano wake duniani. Katika mji wa Antalya alijiwa na mtu mwenye nguo kuukuu, akamkaribisha chakula yeye na wenzake. Ibn Battuta hakujua Kituruki, na alipofasiriwa alimhurumia yule mtu, akadhani ni masikini asiyeweza kulisha kundi zima. Mwenyeji wake akacheka. Kumbe yule alikuwa fundi wa ngozi, kiongozi wa mafundi wapatao mia mbili walioitwa Akhi. Walikuwa wamejenga nyumba ya wageni. Mchana walifanya kazi zao, na jioni walileta walichochuma kikanunuliwa chakula cha kula pamoja na msafiri yeyote aliyepita mjini siku hiyo. Alipofika Denizli, watu walitoka madukani wakashika hatamu za farasi wake, wengine wakaja wakagombana nao hadi visu vikatolewa. Msafiri wetu akaamini ameingia mikononi mwa wanyang'anyi! Alipopatikana mtu anayejua Kiarabu ndipo ikafahamika kuwa ni makundi mawili ya Akhi yanagombea nani amchukue mgeni kwanza. Wakapiga kura.

Tusipite haraka hapa. Hawa ni mafundi viatu na wachuuzi, si masultani. Na mpaka leo Waturuki humwita mgeni asiyetarajiwa "mgeni wa Mungu", na vijiji vingi vya huko vilikuwa na chumba cha kijiji ambamo msafiri alilala na kulishwa bila kulipa. Anayetaka kuona tabia hiyo leo haendi kwenye fukwe za watalii, huenda vijijini.

Kwetu pia ni hivyo hivyo. Iringa ni mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mtalii anayepita hapo hupokewa vizuri, akapewa chai na kitanda safi. Lakini hiyo ni biashara, na ni biashara halali. Asubuhi mgeni na mwenyeji wameshalipana, hakuna anayemdai mwenzake. Kijijini mambo ni mengine. Atakayekulaza hukulaza kwa kuwa umefikiwa na usiku mlangoni kwake.

Nyanda za Juu Kusini hazikuwa na nyumba za wageni kama zile za Akhi. Nyumba ya wageni ni nyumba ya mwenye nyumba mwenyewe, na mara nyingi haina vyumba zaidi ya viwili au vitatu. Kwa hiyo mgeni akilala kitandani, ujue kuna mtoto wa nyumba hiyo aliyehamishiwa jikoni.

Mapokezi huanza na salamu, na hayana haraka. Katika Uhehe na Ubena utasikia "kamwene". Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela mtu mmoja husalimiwa "ugonile", na mkubwa au watu wengi "mugonile", yaani mmelala salama? Kushukuru ni "ndaga". Vijana na wanawake huchutama wanapomsalimia mzee, na kijana mgeni anayesalimia wima huku mkono mmoja uko mfukoni ameshajieleza. Ukimsalimia mzee kwa lugha yake, hata kwa neno moja tu, utaona uso wake unavyofunguka. Swali la wewe ni nani na unakwenda wapi huja baadaye, baada ya maji na kiti.

Baada ya salamu ni moto. Anayetoka Tanga au Unguja akifika Mafinga au Makete mwezi Juni au Julai ataelewa kwa nini. Miji ya Iringa na Mbeya yenyewe iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mufindi na Makete ziko juu zaidi. Mgeni huitwa jikoni penye mafiga, na huko ndiko yanakofanyika mazungumzo yote. Basi asidhani kuwa kuketishwa jikoni ni dharau.

Kisha mwenyeji atapeleka habari kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa balozi wa nyumba kumi. Wengine hukasirika wakidhani wameshukiwa wizi. Sivyo. Mgeni anayejulikana kwa uongozi ana usalama, na mwenyeji naye ana usalama. Hata kabla ya mabasi kuruhusiwa tena kusafiri usiku kucha mwaka 2023, abiria walioharibikiwa na basi mbali na mji walikuwa wakipelekwa kwa njia hiyo hiyo: kwanza kwa kiongozi, kisha kwenye nyumba zenye nafasi.

Kwa Wanyakyusa kula pamoja kuna uzito wa pekee. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, walikuta watu wa rika moja wakijenga kijiji chao na kula kwa zamu katika nyumba za wenzao, na kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 kilichukua jina lake kutokana na furaha hiyo ya kuwa pamoja, ambayo wenyewe huiita ukwangala. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Vijiji vya marika havipo tena kama zamani, lakini ukikataa sahani Rungwe bado unasema neno zito kuliko ulivyokusudia. Walieleza pia mwiko wa mkwe: mke wa mtoto hakutakiwa kukutana na baba mkwe wake. Basi ukiona katika nyumba za watu wa zamani mwanamke anageuka na kupita njia nyingine, si wewe unayekimbiwa.

CHAKULA

Vyakula vingi utakavyowekewa havina tatizo lolote. Ugali na maharage, kande, viazi mviringo, njegere, mboga za majani, Rungwe ndizi za kupika, magimbi, parachichi na maziwa ya mgando, Kyela wali. Mtume (s.a.w.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, hakuwa akikitia chakula kasoro: alichokipenda alikila na asichokipenda alikiacha. Aliyezoea nazi asianze kuitaja nazi.

Tatizo liko sehemu tatu. Ya kwanza ni pombe. Iringa na Njombe kuna ulanzi unaogemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua, na Mbeya kuna komoni. Ulanzi uliogemwa sasa hivi ni mtamu, na mwenyeji atakwambia kwa nia njema kabisa kuwa huu bado ni juisi. Lakini huchacha upesi, na mgeni hana namna ya kujua umekaa tangu lini. Tuuache. Mwenyeji akiambiwa mapema ataleta togwa au chai, na wala hatakasirika.

Ya pili ni nyama. Nguruwe hufugwa sana katika mikoa hii, na jambo hilo kila Muislamu wa hapa analijua. Lakini kuna desturi njema ambayo imeenea nchini kwetu: Mkristo mwenye mgeni Muislamu au mwenye sherehe humwita jirani Muislamu aje achinje, ili wote wale. Pia zipo nyumba ambazo huku Nyanda za Juu humwonyesha mgeni kuku akiwa hai kabla ya kumchinja, kuwa ndiye mboga yake. Huo ndio wakati wa kusema kwa adabu: "Mzee, naomba nimchinje mwenyewe." Ukingoja mpaka kuku yuko mezani umechelewa, na ukikataa wakati huo umemvunjia heshima mama aliyehangaika tangu saa kumi. Chakula cha waliopewa Kitabu kimeruhusiwa katika Suratul-Maidah (5:5), na maulamaa wana maelezo marefu kuhusu masharti ya kuchinja. Mwanafunzi amuulize mwalimu wake kabla ya safari, si baada.

Ya tatu wengi huisahau, nayo ni vyombo. Swahaba Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) swali hili hili letu: tunaishi jirani na Watu wa Kitabu, wanapika nguruwe katika vyungu vyao na kunywa pombe katika vyombo vyao, je, tuvitumie? Akafundishwa kuwa wakipata vyombo vingine watumie hivyo, na wasipopata wavioshe na kula humo. Tazama, hakuambiwa asikaribie nyumba za jirani zake. Aliambiwa aoshe chungu.

Kwa hiyo kanuni ni kusema mapema, kwa sauti ya chini na kwa uso mkunjufu, tena kwa aliye jikoni. Mama wa nyumba akijua saa tisa kuwa mgeni wake hali nguruwe wala mafuta yake, hana taabu. Atapika maharage kwenye sufuria nyingine. Wenyeji wa huku wameishi na Waislamu miaka mingi na wanajua. Wanachokiona kibaya ni mgeni anayenusa sahani.

Mahali pa kuswalia nako kuombwe mapema. Kutoka Iringa na Mbeya kibla ni kaskazini, kukielekea mashariki kidogo. Dada zetu, wanaosafiri na maharimu wao, kwa kawaida hulazwa na mama na mabinti wa nyumba, na hilo linafaa.

SIKU TATU

Nabii Ibrahim (a.s.) alipofikiwa na wageni asiowajua hakuwauliza kama wana njaa. Aliondoka kimya akaenda kwa watu wake, akarudi na ndama aliyenona (51:24-27). Na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa ugeni ni siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji katika dhiki. Wahenga wetu walikuwa wakali zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika maandishi yake ya Ujamaa ya mwaka 1962.

Mgeni mwenye akili haongoji kupewa jembe. Siku ya pili asubuhi achote maji, apasue kuni, na kama ni msimu wa kuvuna aingie shambani. Pesa usimpe mwenyeji mkononi kama unalipa gesti. Wengi huona wametukanwa. Sukari, chumvi, sabuni au daftari za watoto hupokelewa kwa furaha, na ukiwa navyo ukabidhi kwa mama siku ya kufika. Mwenyeji naye umuombee baraka katika alichojaaliwa, na kama si Muislamu umuombee uongofu na afya njema.

Siku ya kuondoka utasindikizwa mpaka njia panda, na hutaondoka mikono mitupu. Utafungashiwa viazi, maharage au mkungu wa ndizi, pengine na kuku hai aliyefungwa miguu. Vipokee kwa mikono miwili hata kama mzigo ni mzito.

Na tujue kuwa deni hilo halikuishia njia panda. Mzee aliyetulaza Makete au Chimala ipo siku ataleta mgonjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, naye hana ndugu mjini. Atakumbuka kuwa aliwahi kuwalaza vijana wa madrasa, ataulizia ilipo, na atafika hapa na kikapu chake saa za magharibi wakati sisi tunatawadha. Jiko letu lina sufuria za kutosha, na kwenye bweni hakukosekani mmoja anayeweza kulala mkekani usiku huo.